Pua Iliyokatwa na Swali Lisiloulizwa

Katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, marekebisho ya kumi, jeraha wazi la pua huandikwa S01.2. Herufi S humaanisha kwamba jambo lenyewe ni jeraha wala si maradhi. Tarakimu 01 huonyesha kuwa ni jeraha wazi la kichwa, yaani ngozi imefunguka. Na tarakimu inayofuata nukta hutaja mahali penyewe. Sifuri ni ngozi ya kichwani, moja ni ukope na pembezoni mwa jicho, mbili ni pua, tatu ni sikio, nne ni shavu, tano ni mdomo na kinywa. Kwa herufi moja na tarakimu tatu, pasipo neno hata moja la lugha yoyote, daktari wa Mwanza na mtakwimu wa Geneva huelewana. Hiyo si kazi ndogo, na waliyoianzisha wanastahili heshima yao.

Hata hivyo, msomaji na awafikirie wagonjwa wanne wanaofika katika hospitali moja siku moja. Wa kwanza ni mtoto wa miaka sita aliyeng'atwa na mbwa asiyejulikana mwenyewe. Wa pili ni fundi wa madirisha aliyerukiwa na kipande cha kioo. Wa tatu ni abiria wa pikipiki aliyeangukia uso barabarani. Wa nne ni mwanamke aliyekatwa kwa kisu na mumewe. Wote wanne wamechanika pua, wote wameshonwa nyuzi, na jioni mtunza kumbukumbu anapofungua kitabu cha misimbo anaandika S01.2 mara nne. Mwisho wa mwezi hospitali hupeleka juu taarifa ya majeraha manne ya pua. Hakuna uongo katika taarifa hiyo. Lakini afisa mifugo, mkaguzi wa usalama kazini, askari wa barabarani na ofisa wa ustawi wa jamii, ambao kila mmoja wao alikuwa na kazi ya kufanya siku iliyofuata, hawana cha kusoma ndani yake.

Si haki kukilaumu kitabu. Mzizi wa uainishaji huu ni orodha ya sababu za vifo iliyotungwa na Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa jiji la Paris, na kupokelewa na Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu katika mkutano wake wa Chicago mwaka 1893. Kwa zaidi ya miaka hamsini ilikuwa hasa orodha ya wafu. Mwaka 1948, Shirika la Afya Ulimwenguni lilipokabidhiwa kazi hiyo na kutoa marekebisho ya sita, maradhi na majeraha ya walio hai yaliingizwa, na hapo ndipo uamuzi wa hekima ulipofanyika: jeraha lilipewa namna mbili za kuhesabiwa, moja ikieleza jeraha lenyewe na nyingine ikieleza kilicholileta. Marekebisho ya kumi, yaliyopitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika mwaka 1994, yaliendeleza mpango huo. Sura ya 19, yenye herufi S na T, hueleza mwili umepatwa na nini. Sura ya 20, yenye herufi V, W, X na Y, hueleza umepatwaje. Mtoto wa mfano uliotangulia anastahili W54, kung'atwa na mbwa; fundi anastahili W25, kioo chenye makali; abiria wa pikipiki ana nafasi yake kati ya V20 na V29; na mwanamke yule anastahili X99, shambulio kwa kitu chenye makali. Kitabu, kwa hiyo, kiliuliza maswali mawili, na hospitali zimezoea kujibu moja.

Katika kanuni zenyewe za uainishaji mna jambo linalostahili kutafakariwa. Mtu akifa kwa jeraha, sababu ya kifo inayoingia katika takwimu za taifa ni ile ya sura ya 20. Maiti huulizwa kilichomuua. Mtu akipona, msimbo mkuu ni ule wa jeraha, na sababu huwa nyongeza inayopendekezwa. Matokeo yake ni kwamba nchi hujua vizuri zaidi jinsi raia wake wachache walivyouawa na visu kuliko jinsi walio wengi walivyokatwa navyo wakabaki hai. Jeraha la pua haliui, ila kwa nadra sana. Basi mtu aliyekatwa pua yumo katika kundi ambalo kanuni humruhusu karani kulipita bila kuuliza.

Ni kweli pia kwamba S01.2 haibebi kila kitu kinachoweza kuipata pua. Mchubuko wa juu juu ni S00.3. Mfupa wa pua ukivunjika ni S02.2, na daktari asiyeupapasa mfupa kwa kuwa jicho lake limevutwa na damu ataikosa nambari hiyo na kumkosesha mgonjwa tiba yake. Pua ikikatwa ikaanguka kabisa, nambari ni S08.8, ambamo imefungwa pamoja na sehemu nyingine za kichwa zisizo na kifungu chao. Mahali hapo palipobanwa hivyo pana historia ndefu. Huko India, ambako kukata pua kulikuwa adhabu, mafundi walijua tangu kale kuishusha ngozi ya paji la uso na kuifanya pua mpya. Mwaka 1794 jarida moja la London lilichapa habari za Cowasjee, mwendesha ng'ombe wa jeshi la Waingereza aliyekatwa pua na mkono baada ya kutekwa na askari wa Tipu Sultan, kisha akatengenezewa pua na fundi wa nchi hiyo. Joseph Carpue, daktari wa Uingereza, alifanya upasuaji wa namna hiyo mwaka 1814. Ulaya iliipata elimu hiyo kwa sababu aliyeandika habari alieleza pua ilivyokatwa, nani aliikata, na nani aliirudisha.

Sasa, kwa nini swali la pili halijibiwi? Jibu la haraka ni uvivu wa makarani, na jibu hilo si la kweli. Karani huandika kile ambacho mwajiri wake anakihitaji, na mwajiri huhitaji kile kinacholipwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Marekani. Nchi hiyo ilianza kutumia toleo lake lenyewe la marekebisho ya kumi tarehe 1 Oktoba 2015, ikitoka kwenye misimbo ya magonjwa yapata 14,000 na kuingia kwenye karibu 70,000. Hapo S01.2 peke yake haitoshi tena. S01.21 ni mchaniko wa pua usio na kitu kigeni ndani yake, S01.22 ni mchaniko wenye kitu kigeni, S01.23 na S01.24 ni jeraha la kutobolewa, lisilo na kitu kigeni na lenye nacho, S01.25 ni jeraha la kung'atwa, na S01.20 ni la aliyeshindwa kueleza. Kisha hutakiwa herufi ya saba: A maadamu jeraha linatibiwa, D linapokuwa katika kupona, S kwa athari iliyobaki baadaye kama vile kovu linaloziba tundu la pua. Kwa kuwa S01.21 ina alama tano tu na herufi hiyo haina budi kukaa mahali pa saba, nafasi ya sita huzibwa kwa X isiyo na maana yoyote, na nambari kamili huwa S01.21XA. Wengi hudhani A ni ziara ya kwanza. Sivyo, kwani mgonjwa aweza kuonwa na madaktari watatu tofauti na bado ikawa A. Herufi hiyo ikikosekana, msimbo ni batili na dai la malipo hurudishwa.

Msomaji ataona ustadi uliotumika katika kutenganisha jeraha lenye kibanzi na lisilo na kibanzi. Lakini miongozo rasmi ya nchi hiyohiyo inasema wazi kwamba hakuna sharti la kitaifa la kuandika msimbo wa sababu ya nje. Huwa lazima pale tu ambapo jimbo au mlipaji ameagiza. Katika sura ya sababu mna msimbo wa kung'atwa na kasuku na mwingine wa kung'atwa na bata, na watu walivicheka sana vifungu hivyo vilipotangazwa. Kichekesho chenyewe hakiko kwa bata. Kiko katika kuwa na kitabu kinachoweza kumtaja bata na hospitali ambayo hailazimiki kumtaja mwenye kisu.

Afrika Mashariki inaiendea njia hiyohiyo. Tanzania ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa sheria ya mwaka 1999, na mwaka 2023 ikatunga sheria ya bima ya afya kwa wote. Kenya iliuondoa mfuko wake wa zamani na kuanza kazi na Mamlaka ya Afya ya Jamii mwaka 2024. Bima ni neema, na hakuna mwenye akili atakayeipinga. Lakini kadiri fedha zinavyopita katika msimbo, ndivyo nusu ya msimbo isiyoleta fedha inavyofifia. Kushona pua iliyokatwa na kioo na kushona pua iliyokatwa na mume ni nyuzi zilezile na ganzi ileile, na mlipaji hana sababu ya kuuliza zaidi. Wanaohitaji kuuliza wako nje ya hospitali, na hawalipi.

Anayehitaji kuuliza kuliko wote ni yule anayepambana na kichaa cha mbwa. Maradhi haya, dalili zake zikishaanza, huua karibu kila aliyeyapata. Virusi husafiri kwa njia ya neva kutoka kwenye kidonda hadi kwenye ubongo, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Lakini kidonda kikiwa usoni, penye neva nyingi na ubongo jirani, muda huo waweza kupungua sana. Kwa hiyo pua iliyong'atwa haiwezi kuhesabiwa sawa na kisigino kilichong'atwa. Hutakiwa kuoshwa kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, chanjo ianze siku hiyohiyo, na kingamwili zidungwe ndani na kandokando ya kidonda. Kushona kwenyewe yafaa kucheleweshwa ikiwezekana, na kama hapana budi kushona, kingamwili zitangulie. Tabibu aliyeona mchaniko tu, asiulize umetoka wapi, atafanya lile hasa linaloonekana kuwa kazi safi: atasafisha kidogo, atashona vizuri, na kumrudisha mtoto nyumbani.

Hasara ya kitakwimu nayo si ya kukisia. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Sarah Cleaveland walichapisha katika jarida la Shirika la Afya Ulimwenguni makadirio ya vifo vya kichaa cha mbwa nchini Tanzania. Hawakuhesabu vyeti vya vifo, kwa maana walijua vingi havipo. Walikwenda kwenye majeraha ya kung'atwa, wakachunguza ni wangapi wameng'atwa, na mbwa wa namna gani, na sehemu gani ya mwili, kichwani, mkononi au mguuni, kisha wakakokotoa uwezekano wa kila jeraha kuleta kifo. Walipata takriban vifo 1,500 kwa mwaka. Kumbukumbu rasmi zilikuwa zikionyesha wastani wa vifo 11 hivi. Tofauti ni zaidi ya mara mia, na kilichoifichua ni mambo mawili yale yale yanayoweza kuandikwa na karani yeyote katika mstari mmoja: mahali pa jeraha na kilicholileta. S01.2 pamoja na W54 ni habari kamili. S01.2 peke yake ni pua iliyochanika.

Makadirio ya dunia nzima ni vifo yapata 59,000 kwa mwaka, wengi wao wakiwa watu wa Afrika na Asia, na dawa inayokubalika ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali. Lakini chanjo za mbwa hupelekwa panapojulikana kuwa na mbwa wanaong'ata. Wilaya ambayo misimbo yake haimtaji mbwa huonekana salama, nayo huwa ya mwisho kupelekewa.

Kuhusu kisu, jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa mbwa hafichwi na mtu huficha. Kitabu kimelitambua hilo. Kina X99 kwa shambulio, W26 kwa ajali ya kisu, X78 kwa aliyejikata makusudi, na Y28 kwa lile ambalo nia yake haikuweza kuamuliwa. Kina pia X59, chombo kisichobainishwa, ambacho kimewekwa miongoni mwa ajali. Mtu asiposema lolote, na karani asipouliza lolote, akatakiwa tu kujaza nafasi, jeraha huelekea huko. Ndiyo kusema ukimya wa mwanamke aliyekatwa unageuka kuwa ajali katika daftari la serikali.

La kusikitisha ni kwamba mgonjwa wa Kiswahili amekwisha kutoa jibu kabla hajaulizwa. Kitenzi chake hakikubali kwa urahisi kulitaja jeraha bila kudokeza lilivyoingia. Akisema nimejikata, kiambishi kimesema hakuna mtu mwingine, na linabaki swali moja tu la kutenganisha W26 na X78. Akisema nimekatwa na kioo, kioo ndicho mtendaji, na W25 imesimama. Akisema nimekatwa kwa kisu, kisu ni chombo, na nyuma ya chombo yuko mtu ambaye hajatajwa. Kihusishi kimoja kidogo kimebeba tofauti ambayo kitabu cha Geneva kimeitengea sura. Wengi katika mazungumzo huchanganya na na kwa, hiyo ni kweli, na ndiyo maana muuguzi hana budi kuuliza tena badala ya kukisia. Lakini angalau kuna jambo la kuulizia. Kisha daktari huandika kwenye faili kwa Kiingereza, na kitenzi chote hufa. Hubaki nomino mbili, mkato na pua, na hizo ndizo zinazomfikia karani.

Si kwamba daktari hajui. Mgonjwa huyohuyo akihitaji fomu ya polisi, ile PF3 ya Tanzania au P3 ya Kenya, habari huandikwa upya. Fomu ya Kenya humtaka daktari ataje silaha inayodhaniwa kutumika, umri wa jeraha, na kiwango cha madhara. Daktari yuleyule, kwa kalamu ileile, huiandikia mahakama kile ambacho hakuiandikia Wizara ya Afya. Mahakama hukihitaji kwa kesi moja. Wizara ingekihitaji kwa kesi zote, wala isingehitaji jina la mtu.

Watakaopinga wana hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni kazi: karani mmoja mwenye mafaili mia kwa siku hawezi kuongezewa mzigo. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama kazi ingekuwa ya karani. Lakini sababu ya jeraha haipatikani kwenye faili. Hupatikana mdomoni mwa mgonjwa, mahali pa mapokezi, katika nusu dakika ambayo muuguzi tayari anaitumia kumuuliza amepatwa na nini. Kinachotakiwa ni jibu hilo liandikwe kwa Kiswahili kama lilivyosemwa, si kutafsiriwa. Karani ataligeuza kuwa nambari kwa muda mfupi kuliko anaoutumia sasa kukisia.

Hoja ya pili ni ya usalama. Mwanamke aliyesema nimeanguka huenda amesema hivyo kwa sababu aliyemkata amesimama mlangoni na fomu ya bima imo mkononi mwa huyo huyo. Msimbo X99 ukichapwa kwenye karatasi ya madai unaweza kumrudishia kisu. Hapa wapinzani wako sahihi kabisa, na nchi yoyote itakayolazimisha sababu iandikwe bila kuitenga na karatasi za malipo itafanya madhara. Jibu ni kwamba sababu ya nje isiende kwa mlipaji kamwe. Iende kwenye takwimu za afya peke yake, ikiwa imeondolewa jina. Na pale mgonjwa anaposema ameanguka, iandikwe kuanguka. Hospitali si mahakama, na takwimu zinazopatikana kwa kumlazimisha mtu aseme hazifai kitu. Hata S01.2 zilizoandikwa kuanguka zina lake la kueleza zikiwa nyingi kupita kiasi kwa wanawake wa umri fulani.

Marekebisho ya kumi na moja yalipitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Ulimwenguni mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Yametungwa kwa ajili ya kompyuta, na huruhusu msimbo wa jeraha kuunganishwa na mwingine wa sababu kwa mkwaju, ili viwili vihesabiwe kama habari moja. Kwa uchaguzi huo wa maandishi kosa la zamani limepata dawa yake, lakini ni dawa iliyomo ndani ya chupa. Programu ya hospitali yaweza kununuliwa ikiwa na nafasi ya sehemu zote mbili za mkwaju, au ikiwa na nafasi ya sehemu ya kwanza tu, na hiyo ya pili ndiyo ya bei nafuu. Nchi nyingi bado ziko katika kuandaa kuhama, na masharti ya zabuni za programu hizo yanaandikwa sasa, aghalabu na watu wa fedha na wa kompyuta. Mtu wa mifugo, mtu wa barabara na mtu wa ustawi wa jamii wakiitwa katika kikao hicho, wataomba nafasi ya pili iwemo na isiweze kuachwa tupu.